Unazungumza lugha gani?

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo mitatu na ushei, nusu ya Temeke hugeuka darasa la Kiingereza. Shuka Mbagala Rangi Tatu, acha barabara kubwa uingie mitaani, utakutana na vibao vilivyopigiliwa kwenye miembe na nguzo za umeme: PRE-FORM ONE, ENGLISH COURSE, COMPUTER. Darasa lenyewe laweza kuwa sebule iliyotolewa makochi, banda la bati nyuma ya duka la Mangi, au ukumbi wa kanisa usiotumika siku za kazi. Mwalimu ni kijana aliyemaliza kidato cha sita akisubiri chuo, au mhitimu wa ualimu anayesubiri ajira mwaka wa ngapi sijui. Watoto huja na kaunta buku moja, kalamu mbili, na hofu ya Januari.

Hofu hiyo ina sababu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili, na sekondari zimebaki na Kiingereza. Mtoto amesoma miaka saba, anaujua usanisinuru mpaka kuuchora, jani, jua, mishale yote. Baada ya Krismasi anaingia darasa jingine, jani lile lile linachorwa ubaoni, na yeye hana la kusema. Wazazi wengi wa uswahilini wanalijua hilo kwa sababu lilishawapata wao wenyewe, ndiyo maana wako radhi kupunguza nyama ya Jumapili ili ada ya tuisheni ipatikane.

Mpwa wangu alimaliza darasa la saba akaja kwangu Kizuiani kusubiri matokeo. Mama yake alinikabidhi mtoto pamoja na agizo: nimtafutie tuisheni. Mimi nikajifanya mjanja. Nilikuwa na simu ya kupangusa ya zamani iliyolala kabatini, nikasema kwa nini nilipe ada wakati siku hizi lugha zinafundishwa bure kwenye simu? Nikanunua bando, nikapakua mojawapo ya programu maarufu za kujifunza lugha, nikampa kijana, nikarudi kwenye gazeti langu.

Sikumaliza ukurasa.

"Anko, inauliza nazungumza lugha gani."

"Si uiambie Kiswahili."

"Hakipo."

Nikachukua simu. Orodha ilikuwa ndefu. Kicheki kilikuwepo. Kihungaria, Kiswidi, Kigiriki, Kivietnamu, Kitamil. Nikashusha, nikapandisha, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Mwishowe tukachagua Kiingereza, maana ndicho pekee ambacho kijana alikitambua kidogo. Programu ikampokea kwa shangwe kama Mwingereza mwenzao, ikampa uchaguzi wa lugha za kujifunza: Kifaransa, Kihispania, Kijapani, na kule chini, ukishusha sana, Kiswahili.

Tulicheka wote wawili. Baadaye usiku, kijana kalala, nikaona kwamba kile kichekesho kilikuwa kimenieleza jambo ambalo miaka mingi nimelipita bila kulitazama. Kiswahili kiko kwenye rafu ya dukani na yeyote anaweza kukinunua. Ila ukija dukani nacho mkononi, muuzaji hajui anakusemeshaje.

Kampuni inayojulikana kuliko zote katika biashara hii ni Duolingo, yenye makao yake Pittsburgh, Marekani, na bundi wa kijani kwa nembo. Waanzilishi wake wawili walikutana Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon: Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, aliyekuwa profesa pale, na Severin Hacker wa Uswisi, aliyekuwa mwanafunzi wake. Walifungua milango kwa umma mwaka 2012. Kufikia mwisho wa 2024 watu zaidi ya milioni 40 walikuwa wakiifungua kila siku.

Von Ahn hupenda kusimulia kwamba alipotaka kwenda kusoma Marekani ilimbidi asafiri hadi El Salvador, nchi jirani, kufanya mtihani wa Kiingereza, kwa sababu nafasi za Guatemala zilikuwa zimejaa. Kwao, anasema, anayejua Kiingereza hupata kazi bora, na wenye kukijua ni wale waliokuwa na pesa ya kukilipia. Ndiyo sababu akataka masomo yawe ya bure. Msomaji wa Tandika hahitaji kufasiriwa kisa hiki. Badilisha Guatemala uweke Temeke, hakuna neno litakaloharibika.

Kampuni hiyo ilianzisha pia mtihani wake wa Kiingereza, unaofanyika nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta kwa muda wa kama saa moja, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mitihani ya zamani ya IELTS na TOEFL. Vijana wetu wanaoomba vyuo vya nje walianza kuusikia hasa mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa ajili ya korona. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bundi huyu hajatusaidia. Amemsaidia yule ambaye tayari ana Kiingereza cha kufanyia mtihani.

Kiswahili kiliingia kwenye orodha ya masomo yake Februari 2017, lugha ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Somo lilijengwa na watu wa kujitolea, baadhi yao Wamarekani waliowahi kuishi huku na Peace Corps, wakajifunzia lugha vijijini kwa maji ya kisima na ugali wa jioni. Walifanya kazi kubwa, tena bila mshahara, na naamini walikipenda Kiswahili. Ila walimjengea nani? Walimjengea mtu wa lugha ya Kiingereza. Kila sentensi ina upande wa pili, na upande huo ni Kiingereza.

Mpango wa kujitolea ulifungwa mwaka 2021, mwaka ule ule kampuni ilipoingia soko la hisa. Halafu ikaja akili mnemba. Aprili 2025 Duolingo ilitangaza masomo mapya 148 kwa mpigo mmoja. Mia ya kwanza, walisema, ilikuwa imewachukua kama miaka 12, na hayo 148 kama mwaka mmoja tu. Walichofanya ni kuchukua lugha saba zinazopendwa zaidi, Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kichina, wakazifundisha kupitia lugha zote 28 ambazo programu inazitumia kuzungumza na mwanafunzi. Lugha 28, na Kiswahili si mojawapo. Wazungumzaji wa Kihungaria na wa Kicheki, hata ukiwajumlisha, hawafiki milioni 30. UNESCO inasema sisi tumepita milioni 200.

Sababu ya kwanza inayokuja kichwani ni pesa, na sikatai. Kampuni hizi hula kwa usajili wa kulipia na matangazo, na mtu wa Buza anayenunua bando la siku hawezi kushindana na mtu wa Budapest mwenye kadi ya benki. Lakini Kitamil na Kitelugu vimo, na huko nako wako mafukara wengi. Nadhani ipo sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Kwenye ramani za wakubwa, Tanzania na Kenya zimepakwa rangi ya nchi zinazozungumza Kiingereza. Mikutano inatuweka upande huo, mashirika yanatuandikia barua kwa lugha hiyo, na sisi wenyewe tunajibu kwa lugha hiyo, maana wanaojibu barua ni wale waliovuka Januari ile salama. Mgeni atajuaje kwamba nyuma ya barua nzuri iko Mbagala nzima?

Na wakati huo huo Kiswahili kinazidi kuvishwa joho. Mwaka 2019 SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 sheria ya nchi yetu ikakiingiza mahakamani, na Novemba ya mwaka huo UNESCO ikatangaza 7 Julai kuwa siku yake duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukafuata. Nilishangilia kila mara, na mwakani nitavaa tena fulana. Ila hivyo ni vyeo vya meza kuu. Mpwa wangu alikuwa anatafuta kiti cha kawaida tu.

Tuvuke mji kidogo, twende Kinondoni, wilaya yenye Masaki na Tandale ndani ya tumbo moja. Soko la Namanga, Msasani, ndipo watu wa pande hizo mbili hupishana mbele ya nyanya. Jumamosi moja nilimkuta msichana wa Kizungu, mwanafunzi kwa sura, kainama mbele ya mama muuza mboga.

"Hujambo. Tafadhali, ningependa kununua nyanya tatu."

Hakuna kosa hapo. Sarufi imenyooka kuliko yangu. Lakini mama alimtazama kama aliyesomewa tangazo la redio.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kumkumbusha salamu iliyosahaulika. "Hapa ni fungu. Fungu la buku, fungu la buku mbili."

Msichana akachungulia simu. Buku haikuwemo. Tafadhali ilikuwemo, na ndilo neno ambalo unaweza kukaa Uswahilini wiki nzima usilisikie sokoni, maana sisi adabu yetu tumeiweka kwenye kitenzi: naomba. Naomba nyanya za buku, mama. Hujambo nayo ni salamu halali kabisa, ila mtoto hamwendei mtu mzima nayo. Vitu viwili vidogo, lakini ndivyo vinavyoonyesha somo lilivyopikwa. Mtunzi alianza na neno la adabu la Kiingereza akalitafutia mwenzake, akampata, akamweka. Aliyezaliwa na Kiswahili angeanzia kwa mama muuza nyanya.

Nimtendee haki mgeni huyo. Alijitahidi, aliondoka na fungu lake akiwa amejifunza buku, na wapo wanaoishi Masaki miaka sita wakajua mambo na poa tu. Wamarekani wanaowafunza wanadiplomasia wao wanakihesabia Kiswahili wiki 36 za darasa la kutwa. Kifaransa wiki 30, Kichina 88. Dakika tano za bundi kila asubuhi kabla ya chai hazitakufikisha mbali, bundi mwenyewe akupongeze asipongeze. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani na BAKITA wamekuwa wakifundisha wageni muda mrefu, ana kwa ana, na tofauti husikika mtu akifungua kinywa.

Kati ya bundi na darasa pameota kazi mpya, na inafanyika usiku. Rafiki yangu wa Kijitonyama, mhitimu wa Kiswahili, huamka saa nane usiku, hunawa uso, hufunga pazia ili neti isionekane nyuma yake, na kufungua kompyuta. New York ni jioni. Wanafunzi wake ni wa kila namna: mtafiti anayejiandaa kuja Ifakara, bwana aliyechumbia Arusha, na siku hizi zaidi na zaidi vijana waliozaliwa huko na wazazi kutoka Kongo na Burundi, ambao wanataka kuzungumza na bibi kwenye simu bila mama kukalimani. Hao wa mwisho anasema ndio watamu kufundisha. Wana sikio tayari, wanachokosa ni mdomo.

Biashara hiyo hupitia kampuni za kuunganisha walimu na wanafunzi, kama italki na Preply. Mwalimu hujipangia bei, kampuni hukata chake. Preply, kwa masharti yake ya miaka ya karibuni, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya, kisha asilimia 33, na makato hupungua kadiri mwalimu anavyolimbikiza saa, mpaka asilimia 18 akishavuka saa 400. Pesa ikishapatikana kuna safari ya kuileta nyumbani. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipia tu, kupokea hairuhusiwi, huku Mkenya akipokea na kuhamishia M-Pesa yake. Mwalimu wa Dar hutafuta njia nyingine za mzunguko. Ndiyo maana sishangai ninapoona Wakenya wamejaa kwenye orodha za walimu wa Kiswahili. Watani zetu wa Nairobi wanafundisha Kiswahili dunia nzima na sisi tumebaki kusahihisha ngeli zao mitandaoni.

Niliwahi kumuuliza rafiki yangu kama anaweza kufanya biashara ile ile kwa upande wa pili, afundishe Kiingereza watu wa hapa. Akacheka. "Kaka, nani atanilipa dola kumi kwa saa Mwananyamala?"

Hakuna. Lakini watu wa Mwananyamala wanajifunza hata hivyo, na namna wanavyojifunza ndiyo inayonipa hamu ya kuandika haya. Kuna makundi ya WhatsApp ya Kiingereza yasiyohesabika. Ada ni ndogo, inatumwa kwa simu, ukishatuma unamwandikia admini jina na namba ya muamala, unaingizwa. Masomo huja kwa sauti zilizorekodiwa, asubuhi na usiku wakati bando ni nafuu. Nilijiunga na kundi moja mwezi mzima. Mwalimu alirekodi masomo yake nyumbani, jogoo wakiwika nyuma, mara nyingine adhana inaingia katikati naye ananyamaza mpaka iishe, anaendelea alipoishia. Wenzangu darasani walikuwa fundi wa AC, dada wa saluni, dereva wa bajaji aliyejibu maswali yote akiwa kwenye foleni, na mama mmoja aliyekuwa anajifunza ili aweze kumkagulia mwanawe madaftari.

Sitaki kuyapamba. Mengi ya makundi hayo ni ubabaishaji. Tangazo linaloahidi Kiingereza fasaha ndani ya siku 30 ni ndugu wa lile la mganga anayerudisha mume. Kuna walimu ambao Kiingereza chao chenyewe kina homa, na vyeti vya rangi vinavyotolewa mwishoni havifungui mlango wa ofisi yoyote. Lakini mwalimu wa kundi langu alikuwa na kitu ambacho kampuni yenye wahandisi mamia haina. Alijua nitakosea wapi.

Siku ya tatu alitumia somo zima juu ya "he" na "she". Mtu wa Madrid hahitaji somo hilo, lugha yake imeshamzoesha kutenganisha mwanamume na mwanamke. Sisi tuna yeye, na yeye anatutosha. Ndiyo maana Mtanzania msomi kabisa, mwenye shahada mbili, akichangamka katika mazungumzo humgeuza mke wake kuwa "he". Siku nyingine akafundisha saa. Kwetu siku inaanza jua likichomoza, saa moja ni saa moja ya asubuhi. Kwa Mwingereza muda huo ni "seven o'clock". Ukiitwa usaili wa kazi "at nine", ukajibebea tisa yako ya Kiswahili, utafika alasiri, ofisi inafagiwa. Akaenda kwenye kusikia. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, na mimi nikiwa kidato cha kwanza niliandika kwenye insha "I hear hungry" na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Miaka yote hiyo hakuna aliyenieleza kosa lilitoka wapi. Yule kijana wa WhatsApp alinieleza kwa dakika moja na nusu, jogoo akimsaidia.

Kuazima nako. Neno moja kwetu hutumika kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kinataka mawili. Mkono wetu unaanzia begani hadi vidoleni. Wao wameukata katikati ya njia na kila kipande kikapewa jina. Hakuna somo lililotungwa kwa ajili ya Mhispania litakalokaa juu ya mambo haya, na hakuna sababu likae. Mtunzi wake anawaza makosa ya Mhispania. Kuweka Kiswahili kwenye orodha ya lugha za kuzungumzia na mwanafunzi kwa hiyo hakuishii kwenye kutafsiri vitufe. Lazima somo zima lipangwe upya kwa kufuata mahali ambapo ulimi wetu hujikwaa.

Wala tusiambiwe kwamba elimu ya mbali kwa Kiswahili haiwezekani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wiki 12, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi pembeni. Walitoka hapo wakachimba vyoo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeanza pia masomo kwa njia ya posta, bahasha zikisafiri kwa basi hadi wilayani na kurudi na majibu. Teknolojia ilikuwa redio ya betri na stempu, na mlango ulikuwa Kiswahili tangu kizingitini.

Karibu zaidi yetu kuna Tanga. Mwishoni mwa 2017 shindano la XPRIZE, kwa fedha za Elon Musk, lilipeleka kompyuta za kibao kwenye vijiji 170 vya mkoa huo, kwa watoto karibu 3,000 ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule. Hapakuwa na mwalimu. Programu zilitakiwa ziwafundishe kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, watoto wakiwa peke yao na chaja ya jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya hao ikapungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa sawa kati ya washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, timu yenye asili ya Korea Kusini na Marekani. Wakorea wakajifunza namna ya kumsemesha mtoto wa Kidigo kwa Kiswahili, kwa sababu sharti la shindano lilikuwa hilo. Sharti likiwepo, watu hujifunza.

Na hapa Dar, Ubongo Kids wamekuwa wakifundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili tangu 2014, watoto wa mtaani kwangu wanaziimba nyimbo zao. Sauti za kulisha mashine nazo zinakusanywa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla ulianza kuchukua za Kiswahili mwaka 2021, kila anayetaka anasoma sentensi kwenye simu yake. Unga upo, maji yapo, jiko linawaka. Hajatokea wa kusonga.

Nilikubali yaishe, nikamwandikisha mpwa wangu kwa ticha wa mtaa wa pili, kwenye banda la bati nyuma ya duka. Siku moja nilipita kumchukua mapema, nikasimama mlangoni. Watoto arobaini na kitu, mvua imenyesha, mabenchi yamesogezwa katikati kukwepa matone. Ubaoni ticha alikuwa ameandika "he" upande mmoja na "she" upande mwingine, na katikati, kwa chaki ya rangi, "yeye".

Msichana wa benchi la mbele akanyoosha kidole. "Ticha, kwa nini wao wametenganisha?"

"Mwingereza bwana," ticha akasema, "kabla hujamwambia mtu kafanya nini, anataka kwanza kujua ni baba au mama. Ukishamtoa wasiwasi, anakusikiliza." Darasa likaangua kicheko, na hata mimi mlangoni nikaona jambo hilo limeingia na halitatoka.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, kijana alikuta ile simu ya zamani kwenye kochi. Bila kuambiwa akaifungua, akaianzisha programu upya. Nilimsikia akisoma swali la kwanza kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, kwa Kiingereza ambacho Septemba hakuwa nacho. Kisha kimya, kidole kikishusha orodha.

"Bado hakijawekwa, anko," akasema. Akaiacha simu pale pale, akachukua kaunta buku yake, akaenda kwa ticha.